Mkono juu ya Gunia la Unga

Juzi Neema, mtoto wa mdogo wangu, alirudi nyumbani amenuna hata hakusalimia. Alikuwa amekwenda kwa wale vijana wanaotoa taa za jua, zile unazolipa kidogo kidogo kila wiki mpaka zinakuwa zako. Wakaingiza jina lake kwenye simu, wakangoja, simu ikakataa. "Hatukuoni popote, dada," wakamwambia. "Haujawahi kukopa kitu." Neema akatupa mkoba juu ya meza, akaniuliza kana kwamba mimi ndiye niliyemnyima: "Mama mukubwa, kumbe mutu asiyekuwa na deni ndiye mubaya?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na yeye akazidi kununa. Neema, sikukucheka wewe. Nilijicheka mwenyewe, kwa sababu swali hilo mimi nililiuliza zamani, tena kwa sauti, mbele ya watu wazima, nikiwa na mvi tayari. Basi leo magoti yangu yamekataa kwenda mahali, mvua inanyesha, na ninyi vijana mnaooka sasa katika tanuri langu mmekaa hapa mnangoja unga uumuke. Sikilizeni, hauumuki haraka kwa kuangaliwa.

Mimi nilitoka Wamaza nikiwa bibi harusi, mkate siujui. Kwetu tulikula wali, ugali wa muhogo, ndizi. Mkate ulikuwa chakula cha mgonjwa na cha padri. Mume wangu alikuwa mwalimu hapa Kasongo, na mshahara wa mwalimu mnajua wenyewe unavyokuja: ukipenda. Nikaona watoto wangu hawatakula chaki. Nikaenda kwa Mama Rejina, mjane aliyekuwa na tanuri la udongo nyuma ya nyumba yake, nikamwomba kazi ya kuchota maji. Akashika mikono yangu, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua samaki, akasema: "Mikono iko mikubwa. Utakanda."

Alinifundisha kwa kunipiga vidole na mwiko. Unga, ananiambia, haunuswi kwenye mdomo wa gunia, hapo wote unanukia vizuri. Unatia mkono mpaka kwenye kiwiko, unatoa ule wa chini, unaufumbata. Ukifungua kiganja na donge likabaki gumu na alama za vidole, unga huo umekunywa maji njiani, mwachie mwenyewe. Tanuri nalo halipimwi kwa mkono, maana mkono wa mwoka mikate umezoea moto na unakudanganya. Unatupa unga kidogo ndani, sakafuni. Ukiwa mweusi kabla hujameza mate, ngoja. Ukigeuka rangi ya karanga za kukaanga, ingiza mikate, na usianze kusimulia habari za jirani mpaka imetoka.

Chachu ya pakiti ilikuwa haijaenea siku zile. Tulitumia malafu, pombe ya mchikichi, ile ya asubuhi ambayo bado ni tamu. Siku moja Mama Rejina akaugua, akaniachia kazi yote. Nikasema moyoni, kama kikombe kimoja kinaumusha unga, nikitia vingi si nitafanya muujiza? Unga ukaumuka kweli! Ukapanda, ukavuka beseni, nikaanza kuufukuza na mwiko kama kuku aliyeingia jikoni. Mikate ikatoka mizuri kwa macho, lakini ukiivunja tu, ua mzima unanuka ulevi. Nikajua leo nimefukuzwa. Mama Rejina aliionja akiwa kitandani, akacheka mpaka jasho likamtoka, na homa ikashuka. Katekista ndiye aliyenunua mingi kuliko watu wote, na kesho yake akarudi kuuliza kwa sauti ya chini kama ile ya jana haijabaki.

Mama Rejina alipozeeka akaniachia tanuri. Si bure: kila asubuhi nampelekea mkate wake, kila mwezi nampa kodi yake. Wanawe wawili waliokaa Kindu hawakupenda. Walitaka tanuri livunjwe, pajengwe vyumba vya kupangisha wafanyabiashara wa dhahabu, maana walikuwa wameanza kufika wengi. Mama akawajibu mbele yangu, makusudi ili nisikie: "Moshi ikitoka, hamuligusi. Lakini siku mutakuta limelala baridi wiki nzima, bomoeni." Shikeni hilo neno, watoto wangu. Yote niliyohangaika baadaye niliyahangaikia kwa sababu ya neno hilo. Tanuri likizimika, sina tena kazi, na sijui nyingine.

Sasa, namna yangu ya kununua unga. Baba yangu, Kabemba, alikuwa mlimaji wa mpunga, na kwake deni lilikuwa aibu kubwa. Akichukua chumvi dukani asubuhi bila kulipa, chakula cha jioni hakimpiti kooni. Nikakua hivyo. Pesa mkononi, unga kichwani, kwaheri. Na kwa vile nilikuwa na pesa mkononi, nilijiona malkia. Leo nanunua kwenye depo hii, ghala la unga, kesho depo ile, popote waliposhusha bei hata kidogo. Wenye depo hawaniulizi jina langu, nami siwaulizi lao. Hata kwenye kikundi cha kina mama kanisani nilijisifu kwamba Kasongo hii hakuna mtu anayenidai, na wakanipigia makofi.

Simu nayo ilikuwa vivyo hivyo. Kila walipotoa kadi mpya yenye zawadi ya dakika za bure, mimi wa kwanza. Natoa ya zamani, natia mpya. Mama yake Neema alikuwa akinipigia kwenye namba ya zamani, anajibiwa na mwanaume fulani wa Lusangi, mpaka mume wake akaanza kuuliza maswali. Siku niliyoishiwa salio mume wangu akiwa mgonjwa, nikaiomba simu inikopeshe niite daktari, ikanijibu kwamba namba yangu bado ni changa. Nikaitukana ile simu kwa Kibangubangu, maana Kiswahili hakikutosha.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na tanuri jingine, la Mzee Amisi. Baba yake alikuwa mwoka mikate, babu yake pia, na mimi nilikuwa mtu wa kuja. Hakunipenda hata kidogo. Alisema nimemnyang'anya wauzaji wake, wale wanawake wanaobeba mikate kwa mabeseni mpaka sokoni, na wengine mpaka Nyangwe kwa wavuvi. Ni kweli, niliwanyang'anya, kwa kuwa mikate yangu ilikuwa mikubwa. Miaka yote tukaangaliana tu kutoka kila upande wa barabara. Nikimsalimu, "Jambo Muzee," anajibu "Hm," halafu anatazama juu, kule moshi wangu unakotokea. Nilidhani anatafuta sababu ya kunishitaki kwa chifu wa mtaa.

Kisha ikaja ile masika iliyokata barabara. Unga wetu unatoka upande wa ziwa, unapita Kabambare, na malori yakazama kwenye matope huko mpaka madereva wakajenga vibanda na kuanza kupika kama watu waliohamia. Kidogo kilichofika hapa kilikuja juu ya pikipiki, kimefungwa kwa mipira, nusu yake imelowa. Bei ikaruka. Mimi nikasema potelea mbali, nitafanya mikate midogo, pesa yangu ninayo. Nikaenda depo ya kwanza.

"Unga iko?"

"Iko, mama. Lakini iko na wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Wateja wetu."

"Na mimi ninayenunua hapa siku zote?"

Yule mwenye depo akanikazia macho, akitafuta kweli kichwani mwake, maskini, si kwamba ananidharau. "Sura ninaijua, mama. Jina hapana."

Depo ya pili ni hivyo, ya tatu ni hivyo. Nikafika kwa Bwana Ramazani, mwenye depo kubwa kuliko zote, na magunia nayaona kwa macho yangu, yamepangwa mpaka karibu na bati. Nikamwonyesha pesa zangu, kwa bei ile zilitosha nusu gunia tu. Akatikisa kichwa.

"Nusu siuzi wakati huu. Wateja wangu wanachukua magunia mawili matatu, wanaoka, wanauza, wanarudisha pesa. Wewe nikupe? Nani anakujua?"

"Mimi ninalipa taslimu maisha yangu yote!"

"Kwa nani?"

"Kwa... kwa wote."

"Basi hakuna aliyekuona ukikopa na kurudi. Mutu analipa, anaenda zake. Mimi nitajua nini juu yake?"

Ndipo nikauliza swali lako, Neema, kwa sauti ya mtu anayegombana na mke mwenza: "Kumbe mutu asiyekuwa na deni ndiye mubaya?" Watu wote waliokuwa kwenye depo walicheka. Nilitoka hapo masikio yanawaka.

Nikajaribu pia ule ushirika wa kuweka na kukopa. Kijana mmoja mpole, shati limepigwa pasi, akanikaribisha kiti. "Mama, umewahi kukopa wapi?" Nikatoa kifua mbele: "Sijawahi kukopa popote!" Nikangoja anisifu. Akaweka kalamu chini polepole, kama daktari anayetafuta maneno. "Hapo ndipo iko shida, mama," akasema. Kisha akaniletea maji ya kunywa. Mungu ambariki yule mtoto, hakuwa na kosa, lakini maji sikuwa nimeyafuata.

Basi tanuri likalala. Asubuhi ya kwanza niliamka kwa mazoea, nikafagia jivu, nikapanga kuni, halafu nikakaa juu ya beseni nililoligeuza, mikono imelala mapajani. Wauzaji walikuja na mabeseni yao, wakaona, wakavuka barabara kwenda kwa Mzee Amisi. Mama Rejina alikuwa amekaa mlangoni kwake anatazama. Nani aliwaambia wanawe kule Kindu, sijui, lakini wakapiga simu kwamba mwisho wa wiki wanakuja, na nyundo wanayo. Niliona aibu, nikaona hasira, na zaidi ya yote niliogopa. Nililia pale pale, na jivu usoni, mtu mzima mwenye wajukuu.

Katikati ya wiki, mchana, Mzee Amisi akavuka barabara. Mnielewe: mtu huyu hakuwahi kuvuka ile barabara kuja upande wangu, hata siku nilipofiwa na mama mkwe. Akasimama kwenye uzio, kofia yake imejaa unga.

"Tanuri imekufa?"

"Unga, Muzee. Nimekosa."

"Pesa ndiyo ulikosa?"

"Pesa iko. Wanasema hawanijui."

"Hm." Akatazama juu ya nyumba, kisha akanitazama mimi, labda kwa mara ya kwanza. "Nawa uso. Vaa kitenge kizuri. Twende."

Tulikwenda mpaka kwa Bwana Ramazani, yeye mbele, mimi nyuma, na watu wa mtaa wametoa macho. Ninyi mmezaliwa katika simu, kwa hiyo niwaeleze. Depo za hapa kwetu zina desturi yao. Mtu akikosa wa kumjua, anatafuta mwoka mikate au mfanyabiashara anayejulikana, waende pamoja. Yule anayejulikana anaweka mkono wake juu ya gunia, anataja jina la mgeni, jina la baba yake na mahali alikotoka, halafu anasema: asipolipa, unga wangu usimame. Na unga wake unasimama kweli, hapewi tena mpaka deni lile limelipwa. Nimeona mtu amekula hasara ya shemeji yake mpaka akafunga kazi. Kwa hiyo mkono hauwekwi hivi hivi, wengine hawawawekei hata ndugu zao wa tumbo moja.

Bwana Ramazani akashangaa. "Muzee Amisi, huyu ni ndugu yako?"

"Ndugu wapi! Huyu ni adui yangu." Akasema hivyo, wazi, na mimi nimesimama pale na kitenge changu kizuri. "Amekula wauzaji wangu. Kila asubuhi ninaamka, ninaangalia juu ya nyumba yake, ninamuomba Mungu leo moshi ikose. Haijakosa. Mvua inanyesha, moshi iko. Bwana yake mugonjwa, moshi iko. Alijifungua mutoto leo, kesho yake ninaangalia, moshi iko! Muniambie, nani Kasongo anamujua huyu mama kunishinda mimi?"

Akaweka mkono juu ya gunia. Ulikuwa mkono mkubwa wenye makovu ya moto, naona kama nauona sasa. Akafungua mdomo, akaufunga. Akanigeukia.

"Unaitwa nani?"

Depo nzima ilicheka, hata yeye pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo. Miaka yote hiyo tumetenganishwa na barabara tu, na hakulijua jina langu.

"Mapendo."

"Wa nani?"

"Wa Kabemba."

"Wa wapi?"

"Wamaza, Kabambare."

"Ninamusimamia Mapendo wa Kabemba wa Wamaza," akasema, safari hii bila mzaha. "Asipolipa, unga yangu isimame."

Tukitoka nje nikaanza, "Muzee, aksanti sana, Mungu..." Akanikata. "Wacha. Wauzaji wako wote wako kwangu, wananipigia makelele tangu asubuhi, na mugongo wangu umekufa. Nenda ukaoke." Akavuka barabara. Kesho yake nikamsalimu kwa furaha yote ya moyo wangu, akajibu "Hm."

Wana wa Mama Rejina walifika kweli mwisho wa wiki. Nyundo ilikuwa ndani ya mfuko, mpini umetokeza. Walikuta moshi unapanda na mama yao amekaa mlangoni anakula mkate wa moto. Wakanunua mingi ya kula njiani, wakarudi Kindu. Walilipa taslimu, siwezi kuwasema vibaya.

Mimi nikaoka kama mwendawazimu. Deni lile lilikuwa linanitambaa mwilini kama siafu, usingizi hakuna, na mume wangu ananicheka: "Mapendo, deni halikimbii, lala." Siku haijafika, nimemaliza. Nikampelekea Bwana Ramazani pesa yake yote, nikamshukuru, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Amisi kumpa habari, nikitembea kwa madaha.

"Umelipa?"

"Yote, Muzee! Mbele ya siku!"

"Na ukachukua unga ingine?"

"Ya nini? Barabara imefunguka. Pale sokoni bei imeshuka, nitanunua taslimu."

Wee! Alivua kofia akaipiga kwenye goti, unga ukatutimkia wote wawili. "Basi mukono wangu niliuweka bule! Umelipa mara moja, unapotea, masika ijayo watakuuliza tena wewe ni nani, na mimi nitavuka barabara tena? Rudi. Chukua gunia. Lipa. Rudi tena. Wakuzoee!"

Nikarudi, nikakopa unga nisiouhitaji. Kwa mtoto wa Kabemba lilikuwa jambo gumu kuliko kuzaa. Lakini hivyo ndivyo nilivyojifunza upande ule wa kazi ambao Mama Rejina hakunionyesha. Nilikaa na depo moja hata pale jirani aliposhusha bei kidogo. Nilichukua mara kwa mara, gunia ninaloliweza, si la kujionyesha. Na soko likiwa baya, sikungoja Bwana Ramazani anitafute. Nilikwenda mwenyewe asubuhi, nikasimama mbele yake, nikamwambia wiki hii mikate imelala, nitaleta wiki ijayo, na wiki ijayo nikaleta. Simu nayo nikaacha kuibadilisha kadi. Ile namba ninayo mpaka leo, na sasa inanibembeleza yenyewe nikope salio, shenzi ile. Neema, wale vijana wa taa waulize kama wana kitu kidogo cha kuanzia, hata tochi. Uchukue hiyo tochi, uilipe kwa siku yake, urudi. Usiwatukane. Mimi nilitukana, haikunisaidia.

Na kila nilipochukua unga, nilikuwa nasema: "Kwa mkono wa Mzee Amisi." Bwana Ramazani anajibu "Sawa," ananipa gunia. Miaka ikapita hivyo. Siku nilizochoka, siku nilizotaka kuchelewesha, nilikumbuka kwamba nikianguka, ng'ambo ya barabara unga wa mzee unasimama, nikaamka. Mama Rejina akafariki, na wanawe wakaliheshimu neno lake: moshi ukiwapo, hawagusi. Wakawa wanapita kila mwaka kuangalia tu.

Mzee Amisi alifariki kiangazi kilichopita. Kilio kilijaa mpaka barabarani, Waislamu, Wakristo, wauzaji na mabeseni yao, na wachimbaji waliokuja na pikipiki kutoka Lusangi, ambao sikujua hata alijuana nao wapi. Kabla ya kumtoa marehemu, mdogo wake akasimama, kama ilivyo desturi kwao, akauliza: "Anayemdai marehemu, ama aliyesimamiwa naye mahali, aseme sasa, tusimuzike na mzigo wa watu."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mikeka ya kina mama. Tanurini kwangu kulikuwa na magunia niliyoyachukua siku chache tu nyuma, sijayalipa. Nikinyamaza, mzigo unabaki kwa watoto wake. Nikisema, mkono wa marehemu unaondoka juu yangu mbele ya watu wote, na Bwana Ramazani amekaa pale kwa wanaume anasikia. Nikamwona tayari anatikisa kichwa: nani anakujua? Nikaliona tanuri limelala, na wale wana wa Rejina wanashuka kutoka Kindu. Sitawadanganya, nilikaa kidogo. Halafu nikaona aibu, nikasimama, magoti haya haya yakilia.

"Mimi ni Mapendo wa Kabemba, wa Wamaza. Marehemu aliniwekea mkono. Kuna magunia ya mkono huo, yako kwangu, hayajalipwa. Nitayalipa mimi. Watoto wake wasiulizwe."

Bwana Ramazani akainuka upande wa wanaume, amezeeka naye, anajishikia bega la mtu.

"Mama Mapendo, kaa chini. Mukono wa Muzee haiko juu ya magunia yako."

Sikuelewa. Nikabaki nimesimama.

"Aliuondoa zamani," akasema. "Masika ya pili haijafika hata. Alikuja mwenyewe kwenye depo, akaniambia, 'Toa mukono yangu kwa ule mama, jina yake inatosha.' Tangu siku ile ninakupa unga kwa jina lako. Wewe ukisema 'kwa mkono wa Muzee Amisi', mimi ninasema sawa tu."

"Mbona haukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua, utaanza tena kununua kwa wengine."

Kilio chote kilicheka, na wanawe, na mdogo wake aliyekuwa amesimama, akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikalia, na si kile kilio cha heshima tunachowalilia majirani. Mama mmoja akanishika bega, akaninong'oneza kwamba nisilie, si nimeshaambiwa marehemu hana mzigo wangu. Nikamwambia ndiyo, nimesikia, na ndicho kinachoniliza.